Kufundisha chuo: kipi kifanyike darasani na kipi kiende mtandaoni? Ulinganisho kwa walimu wa Moshi na Arusha

Kila semesta ikikaribia, walimu wapya wa vyuo huku kwetu wanaulizana kitu kilekile, nifundishe darasani tu, niende onlaini, au nichanganye? Na majibu mengi wanayopewa ni ya ushabiki, aliyezoea chaki anasema mtandao unaharibu wanafunzi, aliyezoea Zoom anasema darasa limepitwa na wakati. Mimi nafundisha takwimu na somo la utafiti, darasa la mchana na la jioni, na ninavyoona ukiweka darasa lote upande mmoja na mtandao wote upande wa pili hupati jibu la kukusaidia, maana ndani ya kufundisha kuna kazi nyingi: kuelezea mada, kuuliza, kujadiliana, kufanya mazoezi, kusahihisha, kupima. Kwahiyo nalinganisha kazi kwa kazi, na kipimo changu ni kimoja: wapi nitajua mapema zaidi mwanafunzi anawaza nini, wakati bado kuna muda wa kumsaidia, kabla testi haijaja kuniambia kwamba nusu ya darasa tulishapotezana tangu wiki ya 3.

Kitu cha kuweka sawa kwanza, upande wa mtandao una njia mbili ambazo hazifanani kabisa. Kuna laivu, yaani Zoom, Google Meet, Teams, wote mko hewani saa ileile. Alafu kuna ile ya kila mtu kwa muda wake, Moodle (mfumo wa chuo wa kuweka masomo, kazi na kwizi mtandaoni), Google Classroom, grupu la WhatsApp, mtu anafungua akipata nafasi na akipata bando. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona mpaka vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni, walimu wengi tulisikia neno onlaini tukawaza Zoom peke yake, na mpaka leo wengi bado wanawaza hivyo, na hapo ndo malalamiko ya bando yanapoanzia.

KUELEZEA MADA MPYA

Darasani una ubao, una macho ya watu, ukiona sura zimekunjamana unarudi nyuma. Hilo ni kubwa na siwezi kulidharau. Shida ni kwamba ukumbi una watu 150 au 200, waliokaa nyuma wanaona mgongo wako na slaidi zenye maandishi madogo, masika ikipiga kwenye bati hakuna anayesikia kitu, na mhadhara ukishapita umepita, aliyechelewa kwa sababu ya kifodi (gari la abiria) cha Usa River hana pa kuupata zaidi ya kuomba notsi za mwenzake.

Ukirekodi, mwanafunzi anarudia mara anazotaka. Lakini rekodi ya saa mbili hakuna anayeimaliza. Kuna utafiti wa mwaka 2014 uliofanywa kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliangalia vipindi karibu milioni 6.9 vya watu kutazama video, ukakuta video zinazotazamwa vizuri ni zile fupi, za chini ya dakika 6, na zikizidi hapo watu wanaachia njiani. Ukweli huu huku kwetu una uzito mara mbili kwa sababu kila dakika ni bando. Zoom yenye video inaweza kula karibu GB 1 kwa saa na zaidi, wakati vois noti ya dakika tano ya WhatsApp haifiki hata MB 2. Ukituma vois noti mbili tatu na picha mbili za ubao zilizopigwa kwenye mwanga mzuri, mwanafunzi wa Ngaramtoni na mwanafunzi aliyerudi kwao Rombo wote wanapata somo kwa gharama inayofanana.

Uamuzi wangu hapa: maelezo ya msingi, yale yasiyobadilika mwaka hadi mwaka (sampuli ni nini, hatua za kuandika pendekezo la utafiti, jinsi ya kusoma jedwali) rekodi vipande vifupi uweke mtandaoni. Ila kwa mwaka wa kwanza, semesta ya kwanza, elezea darasani ana kwa ana hata kama umerekodi, kwa sababu wengi wao bado hawajajenga tabia ya kufungua kitu ambacho hakuna anayewasimamia kukifungua, unaweza kuingia darasani ukidhani wamekuja wameshaangalia kumbe walioangalia ni wachache mno, na unaishia kuelezea upya huku wale walioangalia wanachoka. Mwaka wa pili na kuendelea, ndiyo, watumie kabla ya kipindi.

Zoom kwa kazi hii ya kuelezea naiweka ya mwisho. Ina matatizo ya darasa (imepita imepita) na matatizo ya mtandao (umeme, bando, sauti inakatika), na akaunti ya bure inakata dakika 40, yaani ndo kwanza mmeanza kuelewana.

SWALI MOJA ZURI NA JIRANI YAKO

Hapa ndo nitakaa muda mrefu maana sijaona mbinu nyingine inayorudisha faida hivi kwa gharama ndogo hivi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza kuitumia mwaka 1991. Unatoa swali lenye machaguo, kila mtu anafikiri peke yake kimya dakika moja au mbili, anapiga kura, alafu anageukia jirani aliyechagua tofauti na wanabishana, kisha mnapiga kura tena, ndo mwalimu unaeleza. Kuna kanuni inayoenda nayo: kura ya kwanza ikionyesha waliopata ni chini ya asilimia 30, usiwape wabishane, rudi ueleze upya, wakizidi 70, eleza kwa kifupi songa mbele, katikati ya hapo ndo waachie wabishane.

Mfano ninaoutumia. Naandika ubaoni mishahara ya watu watano wa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini: 200,000, 200,000, 250,000, 300,000, na bosi 3,000,000. Nauliza: bosi akijipandishia mshahara kutoka milioni 3 hadi milioni 6, wengine wakabaki vilevile, kipi kinabadilika? A, wastani tu. B, mediani tu (yaani namba ya katikati ukizipanga kwa mstari). C, vyote viwili. D, hakuna. Marufuku kukokotoa kwa kalkuleta.

Kura zinapigwa kwa vidole kifuani, kidole kimoja A, viwili B, hivyohivyo, kifuani ili jirani asichungulie. Kwa kawaida C inajaa vidole. Sasa sikiliza wanavyobishana, pita katikati ya viti usiongee: "data imebadilika, basi kila kitu kimebadilika," mwingine anamjibu "hapana, panga kwa mstari, wa katikati ni nani? Ni yuleyule wa 250,000, bosi hata akijilipa bilioni yeye bado ni wa mwisho kwenye mstari." Umeona hapo? Huyo wa pili amemfundisha mwenzake mediani kwa sentensi ambayo mimi na slaidi zangu nisingeipata, na ameisema kwa Kiswahili, kwa lugha ya rika lake. Mkipiga kura ya pili vidole vingi vinahamia A. Alafu ndo tunakokotoa pamoja: wastani wa mwanzo 790,000, baada ya bosi kujiongeza 1,390,000, mediani 250,000 pale pale. Na swali la nyongeza linakuja lenyewe, mtu akikwambia wastani wa mshahara hapa ni laki saba na tisini, nani kati ya hawa anapata hela hiyo? Hakuna hata mmoja.

Kwenye Zoom inawezekana, kura zipo na vyumba vidogo vipo, lakini nusu ya watu wakipelekwa kwenye chumba kidogo wanakaa kimya na maiki imezimwa, na wewe huwezi kupita katikati ya viti. Kwenye WhatsApp kura ina tatizo jingine ambalo walimu wengi hawaliangalii: kila mtu anaona nani kapiga wapi. CR (kiongozi wa darasa) au yule kipanga wa darasa akishabonyeza B, wanamfuata mkia wote. Dawa yake, kura ya kwanza iende kwa Google Forms ambako hawaonani, alafu unaweka matokeo kwenye grupu na kuwaambia kila mmoja aandike sentensi mbili kumshawishi aliyekosea. Inafanya kazi ila inachukua siku nzima kwa kitu ambacho darasani ni dakika nane. Darasa linashinda hapa, na kwa mbali.

Kuna ushahidi wa jumla pia. Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, ukaonyesha wanafunzi wa mhadhara mtupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 wakilinganishwa na wale wanaoshirikishwa. Lakini jiandae na kitu kimoja: utafiti mwingine wa Harvard wa mwaka 2019, tena darasa la fizikia, ulikuta wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi ila wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kwahiyo kwenye fomu za tathmini za mwisho wa semesta unaweza kusoma "mwalimu hafundishi, anatuachia tubishane". Waambie wiki ya kwanza kabisa kwa nini unafanya hivi, na uwaonyeshe matokeo ya kura ya kwanza na ya pili waone wenyewe.

KUULIZA NA KUJADILI

"Kuna swali?" Kimya. "Mmeelewa?" "Ndiyoo." Kila mwalimu anaijua hiyo. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliwachunguza walimu wa sayansi miaka ya 1970 akakuta wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia wenyewe, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na wanajitokeza watu ambao huwa hawasemi. Sekunde tatu ni chache kuzitaja ila ukiwa umesimama mbele ya watu 150 ni ndefu kweli, hesabu kimoyomoyo.

Kwa wanafunzi wetu kuna jambo zaidi ya kusubiri, nalo ni lugha. Mtu kasoma msingi kwa Kiswahili, sekondari akahamia Kiingereza, chuo anatakiwa asimame mbele ya watu 150 aseme wazo ambalo bado halijakaa sawa kichwani kwa lugha ambayo anaogopa kuchekwa nayo. Atanyamaza, hata kama anajua. Darasani ninachofanya ni kuwaruhusu wabishane na jirani kwa Kiswahili, alafu jozi moja ndo inaleta jibu kwa Kiingereza, wakiwa wameshalipika pamoja. Mtandaoni kwa maandishi faida ni kubwa zaidi maana mtu ana muda wa kuandika, kufuta, kuandika tena.

Darasa la jioni nimewahi kuwa na dada mmoja anayekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mkono hajawahi kuunyoosha. Niliweka Moodle swali la kesi: mtafiti amehoji wateja 100 wa soko la Kilombero kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi akaandika hitimisho kuhusu "wateja wa soko". Kasoro iko wapi? Wengi waliandika sampuli ni ndogo, ongeza iwe 500. Yeye akaandika kwamba hata ukihoji 500 ni bure, wa asubuhi ni mama ntilie na wenye magenge wananunua kwa gunia na debe, wa jioni ni watu wanatoka kazini wananunua mafungu ya kupika usiku uleule, ukiwauliza kuhusu bei watakujibu kama watu wa nchi mbili. Hiyo ndo sampuli yenye upendeleo, imeelezwa na mtu anayelijua soko. Darasani ningemsubiri semesta nzima nisimsikie.

Kwahiyo kwa kujadili jambo linalohitaji kutafakari, mtandao wa maandishi unashinda, ila kwa masharti. Usiandike "jadili umuhimu wa sampuli", utapata aya 80 zilizokopiwa mahali pamoja. Weka kesi yenye kasoro, au maamuzi mawili wachague moja watetee. Moodle ina aina ya mjadala ambayo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aandike la kwake kwanza, tumia hiyo. Na wewe mwalimu ingia, jibu wachache kwa majina, mjadala ambao mwalimu haonekani unakufa wiki ya pili. WhatsApp kwa mjadala mrefu siipendi, mawazo mazuri yanazama chini ya "asante mwl" na matangazo ya michango ya harusi.

MAZOEZI NA KWIZI

Wanafunzi wengi wakisema wanapiga msuli maana yake wanasoma madesa mara ya tano na kalamu ya kupaka rangi. Roediger na Karpicke mwaka 2006 walifanya jaribio, kundi moja lisome maandishi lirudie kusoma, lingine lisome kisha lijaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Ndo maana mtu anatoka chumba cha kusomea saa 6 usiku anajiona kaiva na wiki ya testi hakumbuki.

Darasani unaweza kufanya, maswali matatu kwenye kipande cha karatasi mwanzoni mwa kipindi, wanabadilishana wanasahihishana. Sawa, na inawavuta wawahi. Lakini kwa darasa kubwa mtandao unashinda bila ubishi: Moodle inasahihisha yenyewe, inaweza kumpa kila mwanafunzi namba tofauti kwenye swali lilelile ili kuigizia kusiwe na faida, na mtu anarudia mpaka apate. Waachie warudie mara nyingi, hesabu alama ya juu, na alama zenyewe ziwe chache ili isiwe sababu ya kudanganya. Na kitu ambacho watu wanakisahau, rudisha maswali ya zamani. Kwizi ya wiki ya 6 iwe na maswali mawili ya wiki ya 2. Wanalalamika ila UE (mtihani wa mwisho wa semesta) ikija wanakuwa hawaanzi kusoma upya.

Chuo chenu hakina Moodle inayoeleweka? Google Forms inatosha, ina sehemu ya kwizi inayosahihisha yenyewe, na inafunguka hata kwenye simu ya kawaida ya kioo kilichopasuka.

Kuna zoezi moja dogo la darasani nalipenda sana, dakika ya mwisho kila mtu anaandika kitu ambacho hakijamkaa sawa, bila jina. Frederick Mosteller, mwanatakwimu wa Harvard, aliandika kuhusu kuitumia mwaka 1989. Unakusanya, unasoma ukiwa kwenye gari ya kurudi nyumbani, kipindi kijacho unaanza na lile lililotajwa zaidi. Mtandaoni wanajibu wachache. Darasani karatasi inapita wote wanaandika.

KUSAHIHISHA NA KURUDISHA MAJIBU

Kwa kifupi: haraka na kidogo inamsaidia mwanafunzi kuliko polepole na nyingi. Asaimenti iliyorudi wiki sita baadaye na maelezo marefu ya wino mwekundu hakuna anayeisoma, anaangalia alama anakunja. Mtandaoni, weka vigezo kwenye Moodle mapema wavione kabla ya kuandika, na kila kazi rudisha na vois noti ya nusu dakika, kitu kimoja kizuri na kimoja cha kurekebisha. Darasani, chukua makosa matano yaliyojirudia kwa wengi uyafanye ubaoni siku moja. Vyote viwili, wala havigombani.

KUPIMA, MADESA NA AKILI MNEMBA

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, insha ya kufanyia nyumbani haipimi tena kile tulichodhani inapima. Tuseme ukweli, hata kabla yake madesa yalikuwa yanazunguka kutoka mwaka hadi mwaka, kazi ileile inabadilishwa jina. Kukimbizana na programu za kugundua maandishi ya akili mnemba sikushauri, zinakosea na zinaweza kumwangukia mwanafunzi aliyeandika mwenyewe kwa Kiingereza kilichonyooka cha vitabuni.

Ninacholinganisha hapa ni aina ya kazi. Kazi ya nyumbani inayouliza kitu cha jumla, imekufa. Kazi ya nyumbani inayotaka data ambayo lazima uende kuitafuta, bado ipo hai: nenda soko la Mbuyuni siku mbili tofauti, chukua bei ya fungu la nyanya na ya debe la mahindi kwa wauzaji kumi, leta karatasi uliyoandikia, fanya uchambuzi. Akitumia akili mnemba kumsaidia kupanga sentensi sina ugomvi naye. Alafu darasani dakika tatu za kujieleza, "kwa nini muuzaji wa saba bei yake iko mbali na wengine?" Aliyeenda anajibu hapohapo, ni jumla huyo, au nyanya zake zilikuwa zimeanza kulainika. Asiyeenda anaangalia dari.

Kwa darasa la 200 huwezi kuwasikiliza wote, chukua kwa vikundi na mchague msemaji wewe, siku ileile, bila kuwaambia kabla. Mtihani wenye uzito, ule wa kuamua nani ana sapu (mtihani wa kurudia) na nani hana, ufanyike chumbani ukiwa na msimamizi. Kwizi za mtandaoni zibaki za kujifunzia.

Kazi za vikundi sitazungumzia sana. Darasani ile ya kugawana vipande ya Elliot Aronson, aliyoianza Austin mwaka 1971, kila mwanakikundi anajifunza kipande kimoja na kuwafundisha wenzake, ni nzuri kwa sababu hakuna wa kujificha. Mtandaoni kikundi kinageuka mtu mmoja anayefanya na wanne wanaoandika majina. Wakilazimika, wafanyie Google Docs, historia ya faili inaonyesha nani kaandika nini na lini.

WANAFUNZI GANI ULIO NAO?

Hapa ndo uamuzi unapogeuka, mbinu ileile inaweza kuwa nzuri kwa kundi hili na mbaya kwa lile.

Waajiriwa wa darasa la jioni Arusha mjini: wanafika wamechoka, kuna anayetoka Njiro, kuna wa Sakina, na saa 3 usiku akili iko kwenye usafiri wa kurudi. Usiwahutubie. Maelezo yote yawe yameshatumwa kwa vois noti, kipindi chote kiwe maswali ya kura na kesi. Watabaki macho.

Waongoza watalii na watu wa kambi: hawa huku kwetu ni wengi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba yupo Serengeti au yupo mlimani, siku kadhaa mtandao hana. Zoom kwake ni kumfukuza chuo kwa upole. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu kupakua somo ukiwa na mtandao na kusoma bila mtandao, mwelekeze hilo kabla hajaondoka, na tarehe za mwisho za kazi zake ziwe na dirisha la wiki mbili, siyo saa 5 na dakika 59 usiku wa Jumapili. Anaporudi mjini mpe kipindi cha ana kwa ana.

Walimu wa shule wanaojiendeleza, wanaokuja likizo: muda wao chuoni ni mfupi na wa thamani, usiumalize kwa mihadhara. Notsi na kwizi ziende kabla ya likizo, likizo yenyewe iwe ya midahalo na kazi za kujieleza.

Mwaka wa kwanza wa mchana: darasani kwa wingi, kwizi mtandaoni kila wiki, WhatsApp iwe ya matangazo tu na wewe uwe admini ili watu waione ratiba. Chunguza kimyakimya nani ana simu ya kutumia intaneti na nani anaazima, na kama maabara ya kompyuta inafungwa saa 10 jioni, ongea na mkuu wa idara kabla hujaweka kazi ya kufunga saa 4 usiku.

Walio field, yaani mafunzo kwa vitendo kazini: hapo Zoom hatimaye ina nafasi yake, mtu mmoja mmoja dakika 15, video imezimwa, mmefungua daftari lake la kila siku. Lakini kabla ya hapo mwombe atume vois noti ya dakika mbili kila Ijumaa, amefanya nini wiki hii na kipi hakukielewa, ukizisikiliza za wiki mbili mfululizo unajua tayari nani amepewa kazi ya kutoa fotokopi na kuchemsha chai, na huyo ndo wa kumfuata kazini kwake kwanza.